Nauli Anayolipa Dalali

Leo tunawazungumzia mabinti wanaochukuliwa vijijini, Iringa, Singida, Dodoma na kwingineko, wakapelekwa Dar es Salaam, Mwanza au Zanzibar kufanya kazi za ndani, huku nyumbani ikisemwa wamekwenda kusomeshwa.

Anayewachukua, yaani dalali, mara nyingi si mgeni. Ni mama mdogo, ni jirani aliyehamia mjini. Anakuja na sukari na kitenge, anazungumza na wazazi vizuri, nauli analipa yeye. Nauli hiyo ndiyo kamba ya kwanza. Binti akifika, anaambiwa anadaiwa: nauli, sabuni, hata sahani iliyomponyoka. Mshahara eti "anawekewa". Miezi inapita, senti haioni. Simu amenyang'anywa. Jina la mtaa anaolala halijui, maana geti halivuki. Wapo wanaopigwa. Wapo wasiopata usingizi kwa kumhofia baba mwenye nyumba.

Utasikia watu wakisema, "Si alikubali mwenyewe?" Hapana, msikilizaji. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 iko wazi: aliyesafirishwa akiwa chini ya miaka 18 ili anyonywe, ridhaa yake, ya mzazi au ya mlezi haiwi utetezi mahakamani. Baraka za baba hazimsafishi dalali.

Na kuokolewa hakumalizi mambo. Binti anarudi kijijini mikono mitupu, watu wanauliza pesa ziko wapi. Wengine wanarudi wajawazito. Wenzake darasani wameshamaliza. Akisimangwa, hakawii kumfuata dalali yuleyule. Ndiyo maana tunathamini kazi ya watu kama Angela Benedicto, ambaye mwenyewe alifanya kazi za ndani akiwa binti mdogo, kisha akaanzisha shirika la WoteSawa jijini Mwanza kuwatetea wafanyakazi wa ndani wadogo na kuwapa hifadhi. Aliyepitia hayo hana haja ya kuelezwa kwa nini mtoto anashtuka akiitwa jina lake.

Mzazi, kabla binti hajapanda basi, dai jina kamili la mwajiri, mtaa na namba yake ya simu. Mtu akikwepa, mwanao asiondoke. Jirani, ukimwona mtoto asiyetoka, asiyesoma, mwenye alama za kipigo, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Eleza ulichokiona na nyumba ilipo. Kutafuta ushahidi si kazi yako.