Anayeshuka Amupishe Anayepanda

Haya ni maneno ya mwanachama mwenzetu, mwendesha chukudu, aliyoyatoa mbele ya mkutano mkubwa wa shirika letu. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, kazi yangu ni kusukuma. Lakini komite iliniomba niseme juu ya njia zetu za milimani. Na mama mmoja aliyekaa pale mbele alinipa ruhusa niseme yaliyotupata mimi naye. Kama asingekubali, ningenyamaza.

Nianze na mgeni. Kabla hatujakimbia, mgeni mmoja kutoka Uingereza alitutembelea. Tulisimama naye pale juu ya Mushaki. Akaangalia majani mabichi, ng'ombe, nyua za miti, vilima vinavyofuatana mpaka macho yanachoka. Akasema kwao pia kuna vilima vya majani na ng'ombe, ila ni vifupi na vya upole, na siku ya yenga watu wanavizunguka na kinga kwa furaha tu. Hawabebi kitu, ila chupa ya maji. Muzee mmoja akamuuliza: «Na wakishuka, wanashusha nini?» Mgeni akajibu: «Hakuna.» Muzee akasema: «Sasa wanapandaka kufanya nini?» Tulicheka sana, na mgeni naye alicheka.

Lakini kuna neno moja alilolisema ambalo sikulisahau. Alisema kwao kuna njia za zamani, za miguu na za farasi, zinazopita hata katikati ya mashamba ya watu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga. Mwaka wa 1968 sheria yao iliruhusu kinga zipite katika njia za farasi, kwa sharti moja: mwenye kinga amupishe mwenye miguu na mwenye farasi. Yaani gurudumu ni mgeni katika njia ile. Siku ile nililisikia kama hadithi. Nililielewa baadaye, nilipokwisha kuumiza mtu.

Kwa wafadhili wasiojua chukudu, niseme kidogo. Ni kinga ya mbao isiyo na pedali wala kiti. Iko na magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gari uliokwisha, usukani wa mti, na ubao mrefu katikati wa kuwekea mzigo. Unaweka goti moja juu ya ubao, na mguu wa pili unasukuma udongo. Freni yake ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga na mguu. Mwaka wa 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitengeneza mashine ya mbao ya magurudumu mawili, bila pedali, ya kusukumwa na miguu, na kinga zote za dunia zinahesabiwa kuwa wajukuu wa ile. Kwa hiyo mtu akikuambia chukudu ni umaskini, mwambie ni ndugu wa babu ya kinga yake. Goma waliijengea sanamu mwaka wa 2009, inang'aa kama dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Sanamu ile haijawahi kuteremka Mushaki na mvua.

Sasa njia zenyewe. Kutoka Goma mpaka Sake ni kama kilometa 25, kandokando ya ziwa na mawe ya volkano, na hapo mtu yeyote anaweza. Sake njo mlango wetu. Ukitoka Sake unaanza kupanda Mushaki, na hapo chukudu haikubebi tena, wewe njo unaibeba. Ukifika juu, kupitia Matanda mpaka Masisi-centre, vilima ni vile alivyovipenda mgeni: unapanda kidogo, unashuka kidogo, majani pande zote. Kutoka Goma mpaka Masisi-centre ni kama kilometa 80, na wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, njia inakauka na mzigo unakimbia. Ila mvua za mwezi wa kumi zikianza, udongo unakuwa sabuni.

Ukipita Masisi-centre unaelekea Nyabiondo, halafu milima inaanza kuteremka, unaingia msitu wa Walikale. Huko ndugu zetu hawalii juu ya kilima, wanalia juu ya matope na madaraja ya miti yaliyooza. Gurudumu la chukudu linazama mpaka katikati, kwa hiyo wanasukuma kinga ya chuma yenye bido za mawese pande mbili, ama wanabeba na mgongo. Mto Lowa unatoka milimani, unapita Walikale, unaenda kuingia Lualaba. Sisi ni watu wa maji mamoja, hata kama shida zetu za njia hazifanani.

Nirudi kwa jambo lililonileta. Mwezi wa pili 2025, kambi za pembeni ya Goma zilipofungwa, wengi wetu tulipanda kurudi. Mimi nilikuwa Bulengo. Nilirudi na bibi, watoto, bashi moja na chukudu yangu. Nyumba niliikuta bila manjanja, lakini shamba lilikuwepo. Tuliazima mbegu, tulilima viazi, na Mungu alisaidia vikatoka.

Siku ya kuvishusha sokoni Sake nilizoea kubeba magunia matatu. Nilikuwa na manne. Nikajiambia: nikibeba matatu, nitarudi kesho kwa moja, na kwenye baryeri nitalipa mara mbili. Nikafunga yote manne. Mpira wa freni ulikuwa umekwisha nusu, nilikuwa najua. Usiku mvua ilinyesha, hiyo nayo nilikuwa najua.

Wote mnajua desturi yetu sisi waendesha chukudu. Tukishuka tunapiga kelele: «Njia! Njia! Toka!» Na watu wanatoka. Tumezoea hivyo toka zamani, tunaona ni haki yetu kwa sababu mzigo wetu ni mzito. Kwenye kona moja, mahali njia ni nyembamba, ukuta wa udongo upande huu na bonde upande ule, nikamuona mama anapanda. Alikuwa amebeba mbegu za maharagi mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, anaangalia chini kama mtu yeyote anayepanda na mzigo. Nikapiga kelele. Nikakanyaga freni, mpira ukatoka. Nikapiga kelele tena.

Mguu wake ulivunjika. Na mimi, naomba msamaha kwa kulisema, kitu cha kwanza nilichoangalia ni viazi vyangu vilivyokuwa vinateremka bondeni. Kisha njo nikamuangalia yeye.

Tulimwaga magunia yaliyobaki tukamlaza mama juu ya ubao. Vijana wawili walishika kamba nyuma, mmoja akatangulia mbele, tukashuka polepole mpaka kwa muganga. Tulifika bila kumtikisa. Njiani nilikuwa nawaza: kumbe inawezekana kushuka hivi. Kumbe siku zote iliwezekana.

Mfuko wa shirika ulilipa nusu ya matunzo, na nusu nimeilipa mimi kidogo kidogo. Lakini kuna kitu hakuna franka inayokilipa. Mama alikosa msimu mzima. Mbegu zile alizokuwa amebeba zilipandwa na majirani, kwa bahati, ila palizi ilichelewa na alivuna kidogo. Kwa mtu aliyerudi jana tu, msimu mmoja si jambo dogo. Tangu siku ile mavuno yake nayashusha mimi bure, na nitaendelea.

Nilipoenda kumuomba msamaha, nilimwambia: «Mama, nilipiga kelele, nilikuambia utoke.» Akanijibu taratibu: «Mwanangu, nimeshatoka kwangu mara tatu. Nimetoka na watoto, nimetoka usiku. Na pale njiani nako nitoke? Nitoke niende wapi?»

Wanachama, tangu siku ile sipigi tena kelele ile. Na leo nawaomba tubadilishe desturi. Wale Waingereza wanaotembea bila mzigo, sheria yao inamlinda mwenye miguu. Sisi, wenye miguu wetu ni bamama wenye kilo 40 mgongoni, na tunawafukuza njiani. Mwenye gurudumu ni mgeni. Anayeshuka amupishe anayepanda.

Njia ya kufanya hivyo tuliizungumza na waendesha chukudu wenzangu kumi na wawili, na wote wamekubali. Kwanza, kila mmoja anasimama juu ya mteremko kabla ya kushuka, anasukuma hatua chache na kukanyaga freni. Isiposimama, anapunguza gunia. Kama huwezi kusimama, umebeba kupita kiasi, hata likiwa gunia moja. Pili, mahali pakali, mtu mmoja ashike kamba nyuma na mwingine atangulie na miguu kuonya watu kwa heshima. Tatu, mtu asiache njia inayotumika kila siku ili akate kona porini. Vita vimeacha vyuma ambavyo havijalipuka. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe. Rudi kwa njia ile ile uliyojia, weka alama mbali nacho, onya watoto, mwambie shefu wa lokalite.

Nne ni kazi ya mikono yetu wote. Pale njia ni nyembamba tuchimbe ukutani mahali pa kupishana, panapotosha mtu mmoja na mzigo wake. Na tukate mifereji ya mshazari ili maji ya mvua yatoke njiani kabla hayajaibomoa. Hiyo ni salongo tu, wazee wetu wanaijua.

Sasa neno la mfuko, kwa sababu najua leo mtapiga kura. Kuna pendekezo la kununua moto moja ya shirika. Silipingi kwa ubaya. Lakini moto inakula esanse kila siku, mwenye kuiendesha ni mmoja, na pale njia imebomoka nayo itasimama. Kwa pesa chini ya ile tutapata majembe, mapanga na nyundo za kuvunjia mawe, mipira ya freni kwa kila chukudu ya mwanachama, na rulema za kubadilisha zile zilizokwisha. Kitakachobaki tuwape ndugu zetu wa Walikale wanunue misumari na kamba za madaraja yao, miti wanayo. Ninyi wafadhili mmetusaidia manjanja na mbegu, aksanti sana. Nyumba ina paa sasa. Lakini viazi vikibaki juu ya mlima vinaoza, na mtu aliyerudi anaanza tena kufikiri kuondoka.

Mkikubali, tutaanza siku ya posho inayokuja, saa moja ya asubuhi. Mahali pa kwanza pa kuchimba nimemuomba mama atuonyeshe mwenyewe. Ameniambia anapakumbuka vizuri, na atapanda pale na fimbo yake. Mimi nitakuwa nyuma yake.