Kuunganisha Mashine ya Video na Skrini ya Kompyuta
(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Katika ukaguzi wangu nilikuta chama kimoja kikiwa na hati tatu za malipo ya waya wa kuunganishia mashine ya video na skrini ya kompyuta. Nyaya zote tatu zilikuwa kabatini, wala hapana hata mmoja uliotoa picha. Wanachama walikuwa wakingoja kutazama kanda ya mkutano mkuu ulioamua mpaka wa kiwanja cha ghala lao. Fedha haikuibwa, ilipotea kwa kukosa maarifa. Lakini hasara ni hasara.

Jambo la kufahamu ni hili. Mashine nyingi za kanda za VHS hutoa picha katika tundu la manjano, na sauti katika matundu mekundu na meupe. Picha ya mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya, huchorwa kwa mistari 15,625 kila sekunde. Tundu la VGA, lenye pini 15, huhitaji mistari ipatayo 31,500. Na la HDMI, lenye pini 19, hupokea picha ya kidijitali. Kwa hiyo waya mtupu wenye plagi ya manjano huku na ya VGA kule haufai: umebadili plagi, haukubadili picha.

Kinachotakiwa ni kigeuzi kinachotumia umeme, kwa kawaida wa volti 5. Tena someni maandishi yake: kigeuzi cha kutoka AV kwenda HDMI si sawa na cha kutoka HDMI kwenda AV. Skrini isiyo na spika haitatoa sauti. Sauti na ipelekwe katika spika za nje.

Ndugu Makatibu, kabla ya kuidhinisha malipo, chukueni mashine na skrini hadi dukani, mjaribu mbele ya mjumbe wa kamati, ndipo mlipe na kudai stakabadhi. Wala msichelewe. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuunda mashine hizi, iliacha kuziunda mwaka 2016, na kanda nazo huchakaa. Picha ikipatikana, inakiliwe mara moja.

Chama kile hatimaye kilinunua kigeuzi kimoja. Mpaka ulionekana, na ugomvi ukaisha.