Kutengeneza Uti wa Mgongo: Kazi Inayoanzia Magoma



Hapa Magoma, mtu akianguka kutoka juu ya mwembe, au pikipiki ikimtupa barabarani, vijana humkimbilia kwa huruma. Mmoja humshika makwapani, mwingine miguuni, wakampakia kwenye bodaboda, kabanwa kati ya dereva na ndugu yake, shingo ikiyumba njia nzima hadi Korogwe. Utafiti wa kuutengeneza uti wa mgongo unazihusu sana dakika hizo.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba nyuzi za neva za ubongo na uti wa mgongo zikikatika haziwezi kuota tena. Mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakiunganisha na shina la ubongo upande mmoja na uti wa mgongo upande wa pili. Nyuzi zikaota ndani yake sentimita kadhaa. Zilipotoka na kuuingia tena uti wenyewe, zikakwama. Kumbe uwezo wa kuota upo. Mahali penyewe ndipo panapouzuia. Martin Schwab wa Zürich na wenzake wakagundua kizuizi kimoja: protini iliyomo katika utando wa mafuta unaozifunika nyuzi hizo, ambayo baadaye ilipewa jina la Nogo. Kovu nalo huweka vizuizi vyake.

Dawa ya kuunga uti uliokatika bado haipo. Anayewauzia ndugu zetu dawa hiyo anawaibia.

Lakini mwaka 2018, kundi la Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch huko Lausanne, Uswisi, lilitangaza kwamba wanaume watatu, walioumia shingo zaidi ya miaka minne nyuma, wametembea tena kwa msaada baada ya kuwekewa vifaa vya umeme juu ya uti wa mgongo. Iliwezekana kwa sababu baadhi ya nyuzi zao zilikuwa zimebaki hai.

Nyuzi za namna hiyo ndizo tunazoweza kuziua sisi wenyewe tunapombeba majeruhi. Pigo la kwanza likishapita, uvimbe na damu kutofika vya kutosha huendelea kuua seli kwa saa na siku. Mfupa uliovunjika ukisogezwa ovyo, unakata kilichobaki. Kwa hiyo asikalishwe. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili asikiachie, watatu wamgeuze kwa pamoja kama gogo, mmoja ahesabu, kisha alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Safari isubiri gari.

Akirudi nyumbani kutoka hospitali ya Bombo, KCMC au MOI, ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia. Vidonda vya kulalia na uchafu wa mpira wa mkojo huua watu ambao uti wenyewe haukuwaua. Mwenye kidonda kilichofika mfupani hawezi kufanya mazoezi, wala tiba mpya ikija haitamkuta tayari.

Naomba serikali ya kijiji iweke ubao mmoja zahanati na mwingine kijiwe cha bodaboda, na madereva wafundishwe kuutumia.