Swali Kabla ya Dripu ya Kwanza



Tumekutana hapa Kiandutu kuzindua kikundi cha ndugu zetu wanaopambana na saratani. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na leo nimekuja na deni.

Kuna dada wa miaka 26, mchuuzi wa mboga, aliyeletwa wodini na saratani ya matiti. Nilimtundikia dripu ya kwanza ya kemo. Alikuwa akitetemeka, nikamfunika leso miguuni. Nikamweleza habari za kutapika na nywele kunyonyoka. Miezi ikapita, akanishika mkono: "Sista, mbona sioni mwezi wangu?" Nilikosa la kusema. Hakuna aliyemwuliza kama alitamani kuzaa, mimi nikiwemo.

Ndugu zangu, baadhi ya dawa za kemo huua mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume. Mionzi ya nyonga nayo huharibu kizazi. Lakini njia zipo, mradi mtu aulize mapema. Mbegu za kiume hutolewa siku moja tu, zikagandishwa kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mayai huhitaji sindano za kama wiki mbili. Anayesubiri mionzi huenda akasogezewa ovari kando. Wala haya si mambo ya ng'ambo pekee: mwaka 2006 watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabara walizaliwa Nairobi.

Sitawadanganya. Kuhifadhi mayai ni laki kadhaa za shilingi, na wengi hapa wanaishi kwa kibarua cha siku. Kuna saratani isiyosubiri hata wiki. Hapo uhai kwanza. Na yai lililohifadhiwa si ahadi ya mtoto. Lakini ufukara wa mtu usiwe sababu ya kumficha habari. Asiye na pesa ana haki ya kujua, alie, apange. Asiyetaka mtoto naye aseme mwenyewe, si mama mkwe amsemee.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, mkimsindikiza mgonjwa hospitali ya Thika, mfundisheni kuuliza kabla ya dripu: "Daktari, matibabu haya yatagusa uzazi wangu? Nina muda gani wa kuamua?"

Dada yule yu hai, na hadi leo ananiita sista. Jibu nililomnyima siwezi kumrudishia, ninalileta kwenu.

Kwa hayo machache, natangaza kikundi hiki kimezinduliwa rasmi.