Nani Anakula Dizeli ya Mashine?

Mazungumzo na wasomaji wa Kolandoto, Shinyanga



Leo tutazungumza juu ya rola na mikanda ya mashine. Msicheke. Tunajua wengine mlitegemea habari za mbolea au chanjo ya ng'ombe. Lakini katika kijiji kimoja jirani na hapa Kolandoto, kijana mmoja alisimamishwa kazi kwa sababu ya mkanda. Wakati ule hakuna aliyejua kuwa ni mkanda. Watu walisema kijana ni mwizi.

Mambo yalikuwa hivi. Kikundi cha kijiji kile kina mashine ya kusaga. Injini ya dizeli iko upande mmoja, kinu kiko upande wa pili, na katikati unapita mkanda mpana. Kijana ndiye mwendeshaji. Kila jioni huandika katika daftari: madebe yaliyosagwa, fedha iliyopatikana, dizeli iliyotumika. Kamati ilipolisoma daftari iliona jambo. Madebe yalikuwa yaleyale, kama 30 kwa siku. Dizeli ilikuwa imepanda kwa lita mbili kwa siku, na siku nyingine mbili na nusu. Mzee mmoja wa kamati alisema, "Dizeli haina miguu." Kijana akaambiwa akae nyumbani.

Akina mama nao walikuwa na lao. Bei ya kusaga debe ilikuwa imepandishwa ili kufidia hasara, na foleni ilikuwa ndefu mpaka watu wanarudi na unga usiku.

Sisi tuliitwa kwa kuwa darasa letu la kisomo liko palepale, na baadhi ya wanakamati ni wanafunzi wetu. Sisi ni walimu, si mafundi. Kwa hiyo tulimwomba fundi mmoja wa Shinyanga mjini afuatane nasi. Yeye alitazama mashine kwa muda mfupi, akanusa mkanda, halafu akasema, "Kabla ya kumhukumu mtu, pimeni."

Haya, tulipima vipi? Tuanze na baiskeli, kwa sababu hata darasani tulianza na baiskeli.

Mnyororo wa baiskeli unakamata meno. Ukikanyaga pedali, gurudumu la nyuma halina hiari, lazima lizunguke. Lakini itazameni dainamo, ile chupa ndogo inayowasha taa. Kichwani ina rola ndogo. Rola haina meno yanayoingia kwenye tairi. Imebanwa tu na springi ubavuni mwa tairi. Tairi likizunguka, rola inaburutwa nayo inazunguka. Kinachoishika ni msuguano, yaani ule ukwaruzaji wa kitu na kitu. Mshiko ukiwa mzuri, taa inawaka vizuri. Mshiko ukiwa mbaya, tairi linapita, rola inabaki nyuma. Huko ndiko kuteleza.

Tuligeuza baiskeli miguu juu. Tukazungusha uzi pale tairi linapoguswa na rola, tukaupima kwa rula: sentimita 204. Tukaizungushia rola uzi: sentimita 6. Sasa gawanyeni, 204 kwa 6. Jibu ni 34. Maana yake, gurudumu likizunguka mara moja bila kuteleza, rola lazima izunguke mara 34.

Tulitia alama ya chaki juu ya rola. Mtu mmoja akalizungusha gurudumu polepole kwa mkono, na mayu mmoja mwenye macho makali akahesabu kwa sauti. Tairi likiwa kavu, alifika 33 na kidogo. Halafu tukalipaka tairi maji yenye mafuta kidogo. Safari hii alihesabu 25 tu. Tukarudia mara tatu kwa sababu wengine walidhani amekosea. Hakukosea. Mizunguko 9 kati ya 34 ilikuwa imepotea, zaidi ya robo. Na gurudumu lilikuwa lilelile, mkono uleule.

Mtu akauliza, basi si tuikaze springi sana, mambo yaishe? Tukaikaza. Kweli, rola haikuteleza, ila gurudumu likawa zito, na rola ikaanza kulila tairi. Kila mshiko una gharama yake. Ukibana kidogo unateleza, ukibana mno unaharibu.

Nyie mnaokaa karibu na reli mmeona jambo hilihili bila kulijua. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo inapita hapa Shinyanga. Gurudumu la garimoshi ni chuma, na reli ni chuma. Mvua ikinyesha, magurudumu ya kichwa cha treni yanaweza kuzunguka mahali pamoja bila kwenda. Ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga mkavu, na dereva huumwaga kidogo mbele ya magurudumu. Mchanga unarudisha mshiko.

Na pamba yetu je? Katika baadhi ya vinu vya kuchambulia pamba, nyuzi hutenganishwa na mbegu kwa rola. Rola imefunikwa kwa ngozi ngumu yenye kukwaruza, nayo inazunguka ikigusa kisu kisichosogea. Ngozi inazishika nyuzi na kuzivuta zipite chini ya kisu. Mbegu ni nene, haipiti. Kisu cha pili kinachocheza kinaigonga, inadondoka. Njia hii ilibuniwa na Mmarekani aitwaye Fones McCarthy mwaka 1840. Ngozi ikichakaa ikawa laini kama kiwiko cha koti kuukuu, inateleza juu ya pamba na kazi inapungua. Hapo lazima ikwaruzwe upya.

Sasa turudi kwenye mashine ya unga.

Injini ikiwa imezimwa, tulizungusha uzi kwenye puli zote mbili. Puli ya injini ilikuwa sentimita 150, na puli ya kinu sentimita 30. Gawanyeni: 5. Injini ikizunguka mara 1, kinu kinapaswa kuzunguka mara 5. Kwenye kibati cha injini imeandikwa mizunguko 650 kwa dakika. Mara 5 ni 3,250. Hesabu hii ilifanywa ubaoni na mwanakisomo ambaye miaka miwili iliyopita alikuwa anaweka dole gumba badala ya sahihi. Tunalisema hili kwa kuwa tulifurahi.

Kisha injini iliwashwa na mahindi yakamiminwa. Fundi alikuwa na kipima mizunguko. Alikisogeza kwenye ncha ya ekseli ya injini, akasoma 650, sawasawa na kibati. Akakisogeza kwenye ncha ya ekseli ya kinu, akasoma 2,600. Angalieni tofauti. Mizunguko 650 haikufika kwenye kinu. Ni sehemu moja ya tano. Injini inakula dizeli kwa kazi nzima, kinu kinapata pungufu, na kinachobaki kinageuka kuwa joto. Injini ilipozimwa na kila kitu kusimama, fundi alitusogeza karibu na puli ya kinu. Ilikuwa ya moto kama sufuria.

Tafadhalini, jambo hili msilifanye wenyewe. Kipimo cha namna ile ni kazi ya fundi. Mkanda unaokwenda haumjui mtu. Khanga, mkono wa shati, hata kamba ya begi, ikinaswa inamvuta mwenyewe.

Lakini kipimo cha pili kila kikundi kinaweza kukifanya, na hakihitaji chombo cha fundi. Tulichukua madebe 3 ya mahindi ya gunia moja, chekecheo lilelile, mwendeshaji yuleyule. Ndiyo, kijana aliitwa aje aendeshe mbele ya watu wote. Dizeli tuliipima kwa chupa iliyotiwa mistari. Saa ilikuwa ya mwalimu. Madebe 3 yalisagwa kwa dakika 31 na kula dizeli sehemu 8 za lita, yaani desilita 8.

Ndipo fundi akaushughulikia mkanda. Ulikuwa unang'aa upande wa ndani, tena una utelezi. Alipouliza umepakwa nini, watu walitazamana. Mwisho mweka hazina akasema, "Ni grisi. Ulikuwa unapiga kelele, nikaagiza upakwe." Kelele ile ilikuwa ni mkanda kulia kwamba unateleza! Ulikuwa umelegea kwa sababu boliti za kitako cha injini zililegea, na injini ikasogea kidogo kidogo kuelekea kinu. Grisi iliondoa kelele na kuacha ugonjwa, hata ukazidi.

Puli zilifutwa grisi na unga. Mkanda ulipanguswa, ukasuguliwa, ukakauka. Injini ilirudishwa nyuma na boliti zikakazwa, ila fundi aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati na kuhakikisha bado unabonyea kidogo. Angeukaza kama waya wa simu, beringi zingekufa mapema, na beringi ni ghali kuliko dizeli ya wiki nyingi.

Tukarudia. Madebe 3, dakika 25, dizeli desilita 6. Kipima mizunguko kilisoma 3,180.

Hapo yule mzee wa kamati, ambaye hapitwi na hesabu, akasimama. "Mwalimu, 3,180 si 3,250. Hiyo 70 imekwenda wapi?"

Swali zuri. Mizunguko 70 katika 3,250 ni kama sehemu 2 kwa mia. Hiyo haiondoki. Kitu kinachovutwa kwa mshiko tu, bila meno, hubaki nyuma kidogo daima. Hata wataalamu hawajaimaliza. Katika maabara huko ng'ambo wanabana visahani viwili vya chuma kwa nguvu nyingi, katikati pana mafuta ya pekee, na kimoja wanakiendesha haraka kidogo kuliko kingine. Wanapima nguvu inayopita kutoka kisahani hiki hadi kile. Nguvu inaongezeka kadiri tofauti ya mwendo inavyoongezeka, lakini mpaka kikomo fulani. Ukikivuka, mshiko hauongezeki tena, joto ndilo linaloongezeka. Kwa kujua kikomo hicho kampuni ya Nissan iliweza kuuza Japani, mwaka 1999, magari ambayo gia zake ni rola zinazobana visahani, hazina meno ya kubadilisha mwendo. Kwa hiyo 2 kwa mia msiiogope. Iogopeni 20.

Tukapiga hesabu ya mwisho. Kwa kila madebe 3 zilikuwa zinapotea desilita 2. Madebe 30 kwa siku ni desilita 20, yaani lita 2. Nyumba ilinyamaza.

"Na ile nusu lita ya siku nyingine?" aliuliza mzee. Hakutaka kuachia. Basi daftari lilifunguliwa, na safari hii tulimwachia kijana mwenyewe asome. Siku zenye lita mbili na nusu zilikuwa siku za mnada. Siku hizo madebe hayakuwa 30, yalikuwa 37, 38. Yote aliyaandika, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko wake. Kamati ilikuwa imesoma safu ya dizeli tu, safu ya madebe ikaikadiria kwa macho.

Kijana amerudi kazini. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha, yeye na mwanakamati mmoja hukagua boliti na kuubonyeza mkanda. Mara moja kwa mwezi husaga madebe 3 kwa saa na chupa, na matokeo huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Bei ya debe imerudishwa ilipokuwa.

Limebaki jambo moja. Kijana anadai ujira wa siku 9 alizokaa nyumbani. Mweka hazina anasema kikundi hakina fedha. Akina mama wa foleni wanasema fedha ipo, ni ile waliyolipa zaidi. Kikao ni Jumapili, nasi tumeombwa kuhudhuria.