Jaji Bruce Wright: walimhamisha, wananchi wakampa kura

(Mada niliyoitoa kwenye darasa la vijana wa chama. Naiweka hapa kwa wale waliokosa.)

Leo sitaongelea tume ya uchaguzi. Nitaongelea jaji mmoja wa New York, Marekani, Bruce Wright, aliyefariki 2005. Nimemchagua kwa sababu ya neno moja tunalolijua wote humu ndani: dhamana.

Wright alikuwa Mmarekani mweusi. Miaka ya 1930 Chuo Kikuu cha Princeton kilimpa nafasi ya kusoma. Alipofika, wakaona rangi yake, wakamrudisha. Akaenda vitani, Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akasomea sheria akawa wakili. Wateja wake walikuwemo wanamuziki wa jazi, kina Miles Davis na John Coltrane.

Mwaka 1970 Meya John Lindsay akamteua kuwa jaji wa Mahakama ya Jinai ya jiji. Pale kila siku wanaletwa maskini, wengi weusi na Walatino. Hawajahukumiwa, lakini wanatajiwa dhamana ya fedha ambayo kila mtu anajua hawana. Asiye nayo analala mahabusu. Mwenye hela, kwa kosa lile lile, analala kwake.

Wright akasema hapana. Kazi ya dhamana ni kuhakikisha mshtakiwa anarudi siku ya kesi, siyo kumwadhibu kabla ya hukumu. Akawa anaweka kiasi kidogo, au anamwachia mtu kwa ahadi yake tu ya kurudi.

Chama cha polisi kikamjia juu, kikambandika jina la kejeli, yaani "Bruce Waachie". Mwishoni mwa 1974 akaondolewa kwenye jinai, akapelekwa kwenye kesi za madai. Alirudishwa 1978. Mnadhani alinyamaza? Mwaka 1979 akamwachia bila dhamana ya fedha mtu aliyetuhumiwa kumkata askari shingoni. Meya wa wakati huo, Ed Koch, akamshutumu hadharani. Najua hata humu wapo watakaosema hapo alizidisha. Bishaneni, ruksa. Lakini mtuhumiwa ni mtuhumiwa.

Sasa sikilizeni hapa. Jaji wa Mahakama ya Jinai ya New York anateuliwa na meya. Jaji wa Mahakama ya Madai anachaguliwa kwa kura, muhula wa miaka 10. Mwaka huo huo wa 1979 Wright akagombea, akashinda. Mwaka 1982 akachaguliwa tena, safari hii Mahakama ya Juu ya jimbo, muhula wa miaka 14. Msidanganywe na jina: kule "Mahakama ya Juu" ndiyo inayosikiliza kesi kubwa mwanzo, wala siyo ya mwisho. Alikaa huko mpaka anastaafu 1994.

Je, kura ni dawa ya kila kitu? Hapana. Mwaka 2018 wapiga kura wa kaunti ya Santa Clara, California, walimng'oa Jaji Aaron Persky kwa adhabu moja waliyoiona ndogo mno. Jaji wa kura anaweza kuuogopa umati kama jaji wa uteuzi anavyomwogopa mteuzi. Na New York, wagombea wa Mahakama ya Juu wanapitishwa kwanza na mkutano wa wajumbe wa chama. Ukikwepa vikao vya chini, wakubwa wanakuchagulia jaji.

Turudi nyumbani. Ibara ya 109 ya Katiba yetu inampa Rais kuteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Sisemi tuwapigie kura majaji. Nauliza: jaji akitoa uamuzi ambao wakubwa hawautaki, nani anamlinda?

Halafu lipo lingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina makosa yasiyo na dhamana kabisa. Hakimu hata akitaka, mikono imefungwa. Wright alitukanwa kwa uamuzi wake, lakini walau alikuwa na uamuzi wa kufanya.

Kwa hiyo tukidai Katiba mpya, sura ya mahakama tusiiruke kukimbilia ya urais. Na mwenzetu akishikwa, tusiishie kuposti picha yake. Twende mahakamani, tujaze viti, tuandae wadhamini wenye barua na vitambulisho.

Karibuni maswali.