Kikulacho ki Nguoni Mwako



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo yatufundisha kwamba mti hutambulikana kwa matunda yake. Haisemi kwa majani yake, kwa maana majani yaweza kudanganya.

Ninyi wa Uchindile na bonde lote la Kilombero mwajua kwamba mto wetu huungana na Luwegu, ukawa Mto Rufiji. Huko chini, katika delta ya Rufiji, mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha kati ya mikoko. Mabaharia waliivika matawi ili ionekane kuwa sehemu ya msitu. Waingereza waliitafuta hata kwa ndege, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia. Matawi yale hayakuota mizizi, wala hayakuzaa tunda.

Si kila kuiga ni dhambi. Katika misitu yetu yumo kipepeo ambaye majike yake huiga rangi za vipepeo wenye sumu, na ndege huwaacha. Ndivyo Muumba alivyomjalia kuokoa uhai wake. Mwigizaji wa jukwaani naye hadanganyi mtu. Mchezo ukiisha, huvua vazi lake. Lakini neno la Kigiriki ambalo Injili hulitumia kumtaja mnafiki lilimaanisha mwigizaji. Mnafiki ni yule ambaye mchezo umekwisha, naye hataki kuvua.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi nchini mwetu iliruhusu wagombea kutoa kile kilichoitwa takrima. Ni neno zuri, neno la ukarimu. Lakini rushwa ilipata humo vazi la kujisitiri, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba masharti hayo yalikuwa kinyume cha Katiba. Sheria iliondoka. Je, vazi lilivuliwa?

Naungama mbele yenu. Wakati fulani wa kampeni, mgombea mmoja alileta mabati kwa ajili ya kigango nilichokihudumia. Niliyaita sadaka. Jumapili iliyofuata nilimketisha mbele, nikampa nafasi ya kuwasalimu waamini. Baada ya Misa katekista, mzee mpole, aliniuliza: “Baba, kwa mabati yale, tumepewa au tumeuzwa?” Sikuwa na jibu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile nguo yenyewe ilikuwa kanzu yangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ajapo mtu na maneno matamu, sukari na khanga, msiulize amevaa nini. Ulizeni amezaa nini katika miaka isiyo ya uchaguzi. Kisha kila mmoja wetu ajiulize vivyo hivyo juu ya rozari aivaayo shingoni. Mwenyezi Mungu hahitaji ndege ya kututafutia. Huona chini ya matawi. Tumwombe atuvue yote yasiyo yetu, kabla ya siku ya mavuno.

Amina.